Nani alimtwisha?

Najua nimekuwa kimya. Wiki tatu sijagusa ukurasa huu, na wawili watatu mmeniandikia kuuliza kama nimedisko. Sijadisko bwana! Kulikuwa na majaribio, halafu likizo fupi, nikashuka nyumbani Mbeya, na huko kuna jambo nimelibeba kichwani mpaka nimeona heri nije nilitue hapa.

Lilianza na kazi ya darasani. Kwenye kozi yetu ya fasihi simulizi tulitakiwa kila mtu ashike kiumbe mmoja wa masimulizi ya pwani amchambue. Mimi mtu wa Nyanda za Juu, bahari nimeiona mara mbili tu maishani, nikaangukiwa na nguva. Sasa Iringa hapa nguva nitampata wapi? Nikaweka bando la jero, nikaingia mtandaoni, nikaandika "nguva", nikategemea kuletewa hadithi za Lamu na Unguja. Kilichokuja ni maonyesho ya sanaa yaliyofanyika London mwaka 2014, katika jumba la Victoria Miro, na jina lake lilikuwa la Kiswahili kabisa: Nguva na Nyoka. Mwenye maonyesho ni Wangechi Mutu.

Nguva wa kazi ya mwalimu nikamsahau hapo hapo.

Kwa ambao hawamjui, kama mimi mwezi uliopita: Wangechi alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Akasoma Loreto Convent Msongari, ambayo kwa sifa zake si shule ya watoto wa kushinda mtoni na madumu. Akaenda Wales kumalizia masomo ya sekondari, huko akatoka 1991. Baadaye akavuka New York, akapata shahada ya kwanza Cooper Union mwaka 1996 na ya uzamili Yale mwaka 2000, akisomea uchongaji. Akawa Mmarekani, na siku hizi anafanyia kazi New York na Nairobi. Wakenya wanasema ni wetu, Wamarekani nao wanasema ni wetu.

Kuna watu ukiwauliza kazi yao wanajibu neno moja: mchoraji, mchongaji, mpiga picha. Huyu mama neno moja halimtoshi. Anachora, anachonga, anatengeneza filamu na mwenyewe anacheza humo ndani. Ila kilichomfanya ajulikane kwanza ni kukata na kubandika, ile ile kazi tuliyofanya chekechea na gundi ya ugali. Alikuwa anachukua majarida ya mitindo, ya pikipiki, ya wanyama na makabila, hata yale ya utupu, anakata mguu hapa, mdomo pale, springi ya pikipiki kule, anaunganisha na rangi mpaka anatokea mwanamke ambaye hujawahi kumwona, mzuri na wa kutisha kwa pamoja. Kuna seti ya nyuso kumi na mbili alizozitengeneza katikati ya miaka ya 2000 juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari, michoro ya uvimbe wa kizazi cha mwanamke. Yaani chini kuna ugonjwa na maandishi ya daktari wa karne ya 19, juu kuna uso unakutazama. Rumeti wangu alichungulia simu, akarudi nyuma hatua mbili. "Hao Freemason," akasema. Akajifunika shuka. Teh teh.

Mimi sikuona Freemason. Niliona wanawake waliotengenezwa kwa vipande walivyopewa na watu wengine. Lakini tuache hayo, nisije nikageuza ukurasa huu kuwa semina.

Kingine kilichonivuta ni udongo. Ana sanamu anaziita Sentinel, walinzi tuseme, alizozijenga kwa udongo mwekundu, matawi ya miti, gundi ya mbao na karatasi iliyolowekwa ikapondwa. Udongo mwekundu jamani! Huu huu unaochafua viatu vyetu vyeupe kila masika hapa Iringa, huu huu tunaofyatulia matofali. Na karatasi ya kuponda hatuhitaji kuifuata Nairobi. Pale mjini kituo cha Neema Crafts kilianza mwaka 2003 na vijana viziwi waliokuwa wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Tunapita pale tunaona ni mahali pa Wazungu kununua zawadi. Na vikapu vile vya milulu wanavyosuka kina mama wa Kihehe, tunaviona vimepangwa dukani, hatuvitazami mara mbili. Wangechi mwaka 2022 alitengeneza kikapu cha shaba, kikubwa, ndani yake nyoka amejikunja. Kinaitwa Nyoka, hivyo hivyo kwa Kiswahili, na Wamarekani wakawa wanajifunza kutamka.

Sasa niseme habari ya vishubaka. Pale New York kuna jumba la makumbusho kubwa sana, Metropolitan. Ukuta wake wa mbele ulikamilika mwaka 1902 ukiwa na vishubaka vinne vya kuwekea sanamu, lakini sanamu hazikuwekwa. Vikakaa vitupu miaka 117! Mwezi wa tisa mwaka 2019 wakawekwa humo wanawake wanne wa shaba wa Wangechi, kila mmoja mrefu kunipita akiwa amekaa, wamevikwa kitu kama kamba zilizozungushwa mwili mzima, na baadhi wana sahani inayong'aa kama kioo, huyu kwenye mdomo, huyu kisogoni. Walikaa pale mpaka mwaka 2020. Kazi yote aliipa jina The NewOnes, will free Us, yaani hao wapya watatuweka huru.

Wazo lake, alivyolieleza mwenyewe, linatokana na zile sanamu za wanawake wanaobeba. Wagiriki wa kale walikuwa na nguzo zenye umbo la mwanamke, paa la hekalu liko juu ya kichwa chake. Waluba wa Kongo nao wanajulikana kwa vigoda vya wakubwa ambavyo chini yake kuna mwanamke aliyechongwa, mikono juu, chifu anakaa kichwani kwake. Dunia nzima fundi akitaka kitu cha kubebea mzigo anamchonga mwanamke. Wangechi akawachukua hao wanawake akawakalisha. Hawabebi paa, hawabebi kiti, hawabebi mfalme. Wamekaa tu pale mlangoni.

(Mtu wa Iringa akisoma habari za makumbusho ya Wazungu lazima akumbuke Kalenga. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake mwaka 1898, likakaa kwenye kijumba chake pale. Tulipelekwa mwaka wa kwanza, tukapiga picha, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukarudi. Nilipoona picha za wale wanawake wamekaa nje ya Metropolitan nilifikiria ni vichwa vingapi vya kwetu vimekaa ndani ya makabati ya watu miaka hiyo yote. Basi, nafunga mabano.)

Kilichonimaliza ni filamu. Inaitwa The End of carrying All, ya mwaka 2015, na mwaka huo huo ilionyeshwa Venice kwenye maonyesho ya Biennale yaliyosimamiwa na marehemu Okwui Enwezor, yule Mnigeria. Jina lake naweza kulisema kwa Kiswahili: Mwisho wa Kubeba Vyote. Inatakiwa kuonwa kwenye skrini tatu kubwa zilizopangana. Mimi nimeiona vipande vipande kwenye simu yenye ufa, usiku, nimejifunika blanketi.

Mwanamke, ni Wangechi mwenyewe, anatembea porini na kikapu kichwani. Hakuna maneno. Anatembea tu. Kila akienda mbele mzigo unaongezeka, vitu vinarundikana juu ya vitu, gurudumu, dishi la televisheni, mpaka majumba, na yeye anazidi kuinama lakini hasimami. Anga linabadilika. Mwisho mwanamke na mzigo hawatofautiani tena, wamekuwa donge moja zito, na ardhi inammeza.

Nilizima simu. Sisi hapa kauli ya kumtua mama ndoo kichwani tumeisikia majukwaani na redioni mpaka tumeizoea, ni kama salamu. Ile filamu iliniondolea mazoea. Ikanikumbusha kikapu kimoja ninachokijua mimi.

Hii sijawahi kuisimulia kwa mtu. Mwaka jana, mwezi wa pili, hela ziliniishia kabisa. Nikampigia mama nikalia kidogo kwenye simu, si mnajua tena. Mama yangu anauza ndizi na viazi Uyole. Kesho yake, bila kuniambia, akapanda basi la alfajiri la kwenda Dar, akashukia Ipogolo, akanipigia: "Mwanangu, niko hapa chini, njoo unipokee, nina mzigo." Nikamwambia niko darasani, apande bajaji.

Sikuwa darasani. Nilikuwa Kihesa kwenye kibanda cha chipsi na wenzangu wa kikundi, na kwenye kikundi kulikuwa na watu ambao nilitaka wanione kwa namna fulani. Mama yangu si mtu wa kutoa hela kwa bajaji wakati ana miguu. Anayejua mlima ule wa kutoka Ipogolo kuingia mjini anajua. Alitembea. Akauliza watu, akafika Kihesa, na kwa bahati yangu mbaya akatokea pale pale tulipokaa, kikapu kichwani, mkono mmoja umeshika mfuko wa unga, kitenge kimelowa mgongoni.

Akasimama. Mwenzangu mmoja akauliza, "Huyu mama anamtafuta nani?"

Nikasema, "Ni mama wa mboga. Huwa ananiletea ndizi."

Mama alinitazama. Hakunitazama sana. Akasema, "Ndiyo dada, nimeleta ndizi zako. Niziweke wapi?"

Dada. Mama yangu mzazi aliniita dada kunisitiri mbele ya watu ambao hata majina yao hayajui. Na hata hivyo sikusimama. Aliyesimama ni kijana mmoja wa kikundi chetu, wa Makete, ambaye ndiye tulikuwa tunamcheka siku zote kwa ushamba. Akasema "Shikamoo mama, pole," akapokea mfuko, halafu akashika kikapu kwa mikono miwili akamtua.

Usiku mama alilala na mimi geto. Alipika ndizi, tukala, akaniuliza habari za masomo. Neno lile hakuligusa. Asubuhi akaondoka.

Basi likizo hii nimefika nyumbani, baridi la Uyole mnalijua, tumekaa jikoni na jiko la mkaa katikati, nikasema ngoja nimwonyeshe mama vitu ninavyosoma. Kusema kweli nilikuwa najizungusha. Nilitaka kusema jambo jingine. Nikaanza na wale wanawake wanne wa shaba. Mama akavaa miwani yake, akasogeza simu, akaisogeza mbali. "Hawa wamekaa kama wenye shughuli," akasema. Wenye shughuli, yaani kama wale mashangazi wanaokaa mbele kwenye send-off na hakuna anayeweza kuwatuma maji. Nadhani hakuna mhakiki aliyesema vizuri zaidi ya hapo.

Nikamwambia kuna filamu ya mwaka 2005 ambayo huyu mama anaimba Amazing Grace kwa Kikikuyu huku anaingia baharini. Mama ni Mmoravian, wimbo ule anaujua kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Alitaka kujua kama baadaye alitoka majini.

Halafu nikamwekea ile ya mzigo. Aliitazama yote niliyokuwa nayo, kimya, mpaka pale ardhi inapommeza yule mwanamke. Nilitegemea atasikitika. Akauliza:

"Nani alimtwisha?"

Nikasema vipi mama?

"Mzigo kama ule mtu hajitwishi mwenyewe. Yuko wapi aliyemtwisha? Na njia nzima hakuna mtu?" Akarudisha simu. "Kabeba vizuri, shingo yake nzuri. Lakini mwanamke habebi peke yake hivyo. Sisi tukitoka shamba tunakuwa wanne, watano. Mmoja akichoka tunasimama wote, tunamtua, tunapumzika, tunamtwisha, tunaendelea. Huyu amenyimwa wenzake."

Nikajaribu kumweleza kwamba ni mfano, mzigo ule ni dunia nzima, ni vitu tunavyonunua na kutupa, ni ardhi inayochoka. Akaitikia mm, mm, kama anavyoitikia mteja anayesema ndizi zake ndogo. Akauliza hizo sanamu zinauzwa bei gani. Nikamwambia bei ambayo mimi na yeye tukiuza ndizi mpaka kiama hatuifikii, na wanaonunua ni mabenki na majumba ya makumbusho. Hilo nakiri linanikera hata mimi. Mwanamke anayebeba anasimuliwa vizuri kabisa mahali ambapo mwanamke anayebeba hafiki. Mama hakukereka. "Ni kazi yake," akasema. "Kama anabeba kwa ajili ya kuuza, na auze."

Nikaona nisipoongea hapo sitaongea tena.

"Mama, ile siku Kihesa."

"Siku gani?"

"Ya mama wa mboga."

Akachokonoa mkaa. Muda mrefu kidogo. Jirani alikuwa anamwita mtoto wake, mbwa wakabweka, mimi moyo uko kooni.

"Ndizi si nilileta kweli?" akasema. "Basi hukusema uongo."

Nikaanza kulia, na mama akaniambia nisilie juu ya sufuria. Nikamwomba msamaha kama nilivyofundishwa, kwa magoti. Akasema ndaga, ndaga, simama huko, magoti yatashika baridi. Halafu, nilipokuwa nimeshanyamaza na nadhani limekwisha, akasema kwa sauti ile ya kawaida ya kuulizia chumvi:

"Yule kijana mwenzako alinitua vizuri. Hakumwaga hata kimoja. Ni wa wapi yule?"

Makete, nikasema.

"Msalimie."

Tangu siku hiyo nimeitazama ile filamu tena mara mbili, na swali la mama limeiharibu kwangu, au limeitengeneza, bado sijajua niseme lipi. Siwezi tena kumtazama yule mwanamke bila kutafuta pembeni ya picha aliyemwekea kile kikapu kichwani akaondoka. Wangechi kajitwisha mwenyewe? Au sisi tunaotazama ndio tumekaa pale kwenye kibanda cha chipsi? Mwanafunzi wa fasihi angeandika kurasa tano hapa. Mimi nilipata kijana wa Makete.

Siku ya kurudi chuo mama alinifungia mchele wa Kyela, maharage na mkungu wa ndizi umekatwa vichane, vyote kwenye kikapu. Saa kumi na moja alfajiri, giza, tunatoka kwenda stendi. Nikamwambia mama nitwishe. Akacheka. Nikasema kweli, nitwishe. Akanitwisha. Mara ya mwisho nilibeba kitu kichwani nilikuwa kidato cha pili, na wadau, nitakuwa mkweli, nilitembea kama hatua hamsini, shingo ikaanza kutetemeka, kikapu kikaenda kushoto nami nikakifuata kushoto, mpaka mtaroni kidogo niingie. Mama akanidaka. Akanitua, akajifunga kitenge vizuri, akaniinamia nimtwishe yeye.

"Umesoma sana wewe," akasema, akatangulia.

Ipogolo nilipokewa. Nilimpigia kijana wa Makete tangu nikiwa Mafinga, akaja na bajaji ya rafiki yake, na salamu nilimpa pale pale kabla sijapoteza ujasiri. Alizipokea kama salamu za kawaida. Pengine hata hakumbuki.

Kesho kutwa nawasilisha kazi ya nguva na sina hata ukurasa mmoja, ninachokijua ni kikapu tu. Niombeeni. Mchele bado upo, wa Kihesa karibuni, ila mje na mboga.